Ganzi ya Jicho: Wanayouliza Wagonjwa wa Mtoto wa Jicho

Je, mgonjwa hupasuliwa akiwa macho?

Mara nyingi, ndiyo. Mtu mzima anayetolewa mtoto wa jicho huwa hahitaji nusu kaputi. Jicho peke yake ndilo linalotiwa ganzi. Mgonjwa humsikia daktari, na wengi huona mwanga na vivuli vikipita. Uchungu hausikiki, ila mgandamizo unaweza kusikika. Ni haki yake kuambiwa hilo mapema, kwa sababu anayeshtuka hutikisa kichwa wakati vyombo vimo jichoni.

Ganzi hii ilianzia wapi?

Vienna, mwaka 1884. Dawa za usingizi, eta na klorofomu, zilikuwepo, lakini mgonjwa aliamka akitapika na kukohoa, jambo la hatari kwa jicho lenye kidonda kibichi. Carl Koller, daktari wa miaka 26, alidondoshea kokeini jicho la chura, kisha lake mwenyewe, akaligusa kwa kichwa cha pini. Hakusikia kitu. Nauli ya kwenda kwenye mkutano wa Heidelberg hakuwa nayo, hivyo mwenzake ndiye aliyesoma taarifa yake. Baadaye kokeini iliachwa, kwani iliharibu konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Leo dawa inayotumika sana ni lignokaini.

Sindano huchomwa ndani ya jicho?

Hapana, hupitishwa kando yake. Sindano ndefu ya kufika nyuma ya jicho huweza, kwa nadra, kutoboa jicho lenyewe au mshipa wa damu. Ndiyo maana madaktari wengi hupendelea kukata tundu dogo kwenye utando unaofunika sehemu nyeupe ya jicho na kuingiza dawa kwa mrija butu. Wapo wanaotumia matone tu. Hayo yanamfaa mgonjwa mtulivu, maana jicho bado linazunguka.

Na watoto?

Hao hulazwa kwa nusu kaputi. Katika upasuaji wa makengeza, msuli wa jicho ukivutwa mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Mtoa usingizi humwambia daktari auachie mara moja, na atropini, dawa ya kuyapandisha mapigo hayo, huwa tayari.

Ganzi ikiisha?

Jicho hukwaruza kama limeingia mchanga, na kwa kawaida parasetamoli inatosha. Matone ya ganzi yasipelekwe nyumbani kamwe: hutuliza kweli, lakini huzuia konea kupona na huweza kuiachia kidonda. Maumivu yakizidi siku chache baadaye, jicho likawa jekundu na kuona kukapungua, mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Huenda ni maambukizi ya ndani, ambayo yanaweza kulipofusha jicho ndani ya muda mfupi.