Vyombo na Nafaka ya Pombe ya Nyumbani

Pombe ya nafaka ni kinywaji cha tangu zamani katika Afrika ya Mashariki. Magharibi ya Kenya huitwa busaa, nao Wateso huwa na pombe yao ya wimbi, ambayo wazee huinywa kwa mirija mirefu wakikizunguka chungu kimoja. Hutolewa arusini, matangani, na baada ya kazi ya kusaidiana shambani. Walakini wengi waijuao kwa kuinywa hawajui jinsi inavyopatikana, wala kwa nini pombe ya nyumba hii humfurahisha mgeni na ya nyumba ile humdhuru. Mambo mawili yapasa kuangaliwa kwanza: nafaka na chombo.

JINSI BUSAA INAVYOPATIKANA

Kwanza hutengenezwa kimea. Wimbi huloweshwa majini kwa muda wa siku moja, kisha hutandazwa mahali penye kivuli na kufunikwa kwa majani au gunia bichi mpaka kuchipua. Punje zilizochipua huanikwa juani, zikikauka barabara husagwa. Kazi ya kimea ni kuugeuza wanga wa nafaka uwe sukari.

Wakati huo huo unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku mbili au tatu hata uchachuke. Halafu hukaangwa juu ya bati pana au karai, huku ukigeuzwa-geuzwa kwa mwiko, mpaka uwe chenga za rangi ya kahawia. Chenga hizo zikiisha kupoa hutiwa katika chombo pamoja na maji na kimea. Hamira, yaani vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, huila ile sukari na kutoa kileo na hewa. Hewa hiyo ndiyo ifanyayo mapovu. Baada ya siku chache pombe huchujwa kwa kitambaa au mfuko, nayo huwa tayari.

Mwenye kupika na akumbuke kwamba hamira ni kitu chenye uhai. Maji ya moto yachomayo mkono huiua. Yafaayo ni ya vuguvugu. Tena chombo kisizibwe kabisa maadamu pombe ingali inaumuka, kwa kuwa hewa ikikosa njia yaweza kukipasua. Kitambaa safi kilichofungwa mdomoni mwa chungu chatosha kuzuia nzi na vumbi.

CHOMBO KIPI KINAFAA?

Vyungu vya udongo vilitumiwa kwa karne nyingi, navyo vyafaa hata leo, ila vinataka kuoshwa kwa bidii kwa sababu vitundu vyake vidogo huficha uchafu. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu ni njema sana. Pipa la plastiki lafaa ikiwa liliundwa kwa ajili ya kuwekea chakula, na ikiwa ndani halikukwaruzika, maana uchafu hukaa katika mikwaruzo.

Mapipa ya chuma cha kawaida yaepukwe. Pombe ni chachu, na uchachu huyeyusha chuma. Katika Afrika ya Kusini na Zimbabwe watu wengi waliokunywa kwa miaka mingi pombe iliyoumuliwa katika mapipa ya namna hii walionekana kuwa na chuma kingi mno mwilini, hata maini yao yakaharibika. Waganga walianza kuandika habari za ugonjwa huo mwaka 1929. Ndoo ya mabati nayo haifai, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake huingia katika pombe na kumfanya mnywaji atapike.

Pipa lililokuwa na dawa ya wadudu, mafuta ya gari au rangi lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara kumi.

HABARI YA CHITIMA

Chombo kikiwa safi, nafaka mbovu yaweza kuua. Mwezi wa Januari, 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya nyumbani matangani. Siku hizo chache walikufa watu 75, naye mama aliyeipika akiwa miongoni mwao. Watu wakanong'onezana kwamba mtu fulani alitia nyongo ya mamba. Wataalamu walipochunguza pombe hiyo waliona kwamba hapakuwa na nyongo. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeloa kwa mafuriko, na vijidudu viitwavyo Burkholderia gladioli vilikuwa vimeota ndani yake na kufanya sumu kali. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi.

Kenya nayo ilipata msiba wa nafaka mbovu. Mwaka 1004 jumlisha elfu moja, yaani 2004, mahindi yaliyoota ukungu yaliwaua watu 125, wengi wao katika Makueni na Kitui. Hao waliyala mahindi kama chakula, lakini sumu ile ile ya ukungu haitoweki kwa kuwa mahindi yamegeuzwa pombe. Kwa hiyo ile desturi ya kusema, "Mahindi haya yameharibika, basi na yawe ya pombe," ni desturi ya hatari, nayo yafaa iachwe.

POMBE NA SPIRITI

Busaa iliyopikwa vema ina kileo kidogo. Chang'aa ni jambo jingine, kwa kuwa hupatikana kwa kuchemsha pombe na kuukusanya mvuke wake, nayo ni kali. Hatari kubwa zaidi hutoka kwa wachuuzi wanaotia methanoli, yaani spiriti ya viwandani. Mwezi wa Novemba, 2000, watu zaidi ya 100 walikufa mjini Nairobi kwa kinywaji cha namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mtu akinywa kisha akaanza kuona ukungu machoni, apelekwe hospitali mara moja, asiachwe alale.

Tena mwenye kukusudia kuuza pombe na ajue kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yamtaka awe na leseni.

MAMBO YA KUSHIKA

Nafaka iwe kavu, isiyo na ukungu wala harufu ya uvundo. Maji yachemshwe, kisha yaachwe yapoe. Vyombo vyote, pamoja na mwiko na kitambaa cha kuchujia, vioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kabla ya kazi na baada yake. Pombe inywewe katika siku chache, kwa maana haikai. Na mpishi akiwa na shaka juu ya unga au chombo, na amwage. Hasara ya debe moja la unga hulipika kwa mavuno yajayo. Uhai wa jirani aliyealikwa haulipiki.