Bega Limepona, Mkuki Hauendi

Wadogo zangu, barua za mapenzi nimeziweka kando kidogo. Nataka tuongee na binti mmoja wa kidato cha tatu kutoka Namasakata, huku huku kwetu Ruvuma. Nimeona nimjibu hadharani, maana najua mko wengi wenye shida kama yake ila mnaona haya kusema.

Anarusha mkuki. Mwaka jana alichaguliwa timu ya wilaya ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na zikiwa zimebaki siku chache kwenda mashindano ya mkoa, bega la kulia likaanza kumuuma. Akanyamaza asije akaachwa. Akarusha hivyo hivyo, likazidi, mwisho akawa hawezi hata kusuka nywele zake mwenyewe. Akapumzika. Sasa anasema maumivu yameisha, lakini mkuki hauendi: ukimtoka mkononi unayumba, unatua kwa tumbo badala ya ncha, na umbali ni wa mtoto wa darasa la sita. Wenzake wanamwita mstaafu. Anauliza, “Dada, niache?”

Usiache, mdogo wangu. Ila hiyo njia unayotumia kurudi, ya kurusha kwa nguvu zote kila jioni ili uwafunge midomo, hiyo ndiyo uiache leo.

Sikiliza kinachotokea. Mwili ulioumia unajilinda. Hata maumivu yakiisha, mkono unakumbuka, na ukifika pale ulipoumia mwaka jana unajikaza, unakata mwendo kabla ya kuuachia mkuki. Wewe hujui kama unafanya hivyo. Unachoona ni mkuki kuanguka karibu, basi unaongeza nguvu, na nguvu yote unaitoa begani, palepale palipochoka. Kumbe mrusho hauanzi begani. Unaanzia kwenye nyayo, unapanda miguuni, kiunoni, mgongoni, bega na kiwiko vinakuja mwisho. Kushuka kiwango baada ya jeraha si dalili kwamba umekwisha, ni sehemu ya jeraha lenyewe ambayo haijapona.

Mtazame Julius Yego wa Kenya, yule askari polisi aliyejifunza kurusha kwa kuangalia video za YouTube. Mwaka 2015 kule Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya Rio, alipata fedha kwa mita 88.24, lakini aliumia mguu katikati ya fainali na hakuendelea. Angalia vizuri: mguu, si mkono. Na bado mkuki ukakataa kwenda. London 2017 hakuingia hata nane bora. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, hakufika fainali, mkuki ukaishia mita 77.34. Huyo ni mtu aliyewahi kupita mita 90! Unadhani hakuitwa mstaafu?

Mwaka 2022 pale Birmingham, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akapata shaba kwa mita 85.70. Paris 2024, akiwa na miaka 35, alirusha mita 87.72 akawa wa tano kwenye Olimpiki. Zile 92.72 hajazirudia, na mimi hilo ndilo ninalotaka ulishike. Aliendelea kufanya kazi yake akiwa na mwili alionao sasa, hakuusubiri ule wa Beijing.

Wamarekani nao wana kisa chao kwenye besiboli, mchezo ambao mrushaji anatupa mpira kwa kasi kali mara nyingi katika mechi moja. Mwaka 1974 mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Tommy John, alikatika kano ya kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono anaotupia. Enzi hizo ilikuwa ndiyo mwisho wa kazi. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake wa kulia akaipachika kushoto, upasuaji ambao hakuna mchezaji wa ligi kuu ya besiboli aliyewahi kufanyiwa. Msimu mzima wa 1975 hakucheza. Alilazimika kujifunza kutupa upya. Alirudi 1976, akacheza hadi 1989 akiwa na miaka 46, na mechi alizoshinda baada ya upasuaji, 164, ni nyingi kuliko za kabla yake. Ule mwaka mzima bila kucheza ndio uliomjenga, na ndio sisi huwa tunauruka tukisimulia.

Najua kuna mtu atakutajia John Stephen Akhwari. Mzee wetu wa Mbulu, Mexico 1968, goti limeumia, bandeji mguuni, anamaliza marathoni akiwa wa mwisho jua limekwisha kuzama, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Nampenda na kumheshimu sana. Lakini walimu wa michezo, nawaomba, msimtumie kumwambia mtoto avumilie bega linalochanika. Ile ilikuwa Olimpiki, mtu mzima, uamuzi wake mwenyewe. Mbona hatusimulii ya 1970? Edinburgh, Jumuiya ya Madola, Akhwari yule yule alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Mtu hawezi kukimbia hivyo kwa goti bovu. Lazima kulikuwa na kupona, na mazoezi ya kimya ambayo hakuna aliyeyapiga picha.

Sasa wewe wa Namasakata. Kwanza, umesema ulikandwa maji ya moto na bibi akakuvuta mkono. Kukandwa sawa, kuvutwa basi. Mwombe mzazi akupeleke hospitali ya wilaya, na ukisafiri kwenda Songea, ulizia mtaalamu wa fiziotherapia pale hospitali ya rufaa ya mkoa. Akuonyeshe mazoezi ya misuli midogo inayolishika bega, uyafanye nyumbani. Vidonge vya maumivu kabla ya kurusha, hapana. Ukivimeza unazima ile sauti inayokuambia acha.

Pili, uweke mkuki chini kwa muda. Anza na mpira mdogo, simama karibu na mwenzako, mrushiane taratibu, ukiangalia miguu na kiuno tu. Siku ya kwanza mirusho michache, kesho yake upumzike. Huko Marekani, kwenye ligi ya besiboli ya watoto, mwenye miaka 11 au 12 haruhusiwi kutupa zaidi ya mara 85 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzishwa siku nne. Wao wameandika kanuni. Sisi mtoto anarusha mpaka giza linaingia, tunasema ana moyo. Ukirudi kwenye mkuki, upime kwanza. Wa wanawake ni gramu 600, wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni gramu 500, na ule wa mti mliouchonga shuleni huenda ni mzito kupita hapo.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliandika kama shida, umelipitia tu kwenye sentensi moja: kwamba kipindi chote cha kupumzika uliendelea na palizi ya shamba la korosho, na jioni unatwanga. Mdogo wangu, hukupumzika! Jembe linainuliwa na bega hilo hilo. Mchi unapanda na kushuka na bega hilo hilo. Uliacha mirusho ya nusu saa, ukabaki na kazi ya siku nzima.

Hili siyo la wewe kulibeba peke yako. Baba na mama wanaosoma hapa, naomba tuelewane. Sisemi binti asifanye kazi. Afagie, apike, aangalie wadogo zake, achambue mchele. Lakini jembe na mchi apewe kaka yake, ambaye kwenye barua yote ya binti huyu sijaona mahali alipotajwa akishika chochote, mpaka mtaalamu aseme bega liko tayari. Na wewe binti, ukishaonana na mtaalamu, niandikie alichokuambia.