Somo Letu: Nani Yuko Ndani ya Ambulansi?



Huko Kayole na Dandora tunaulizwa: "Mbona ambulansi ilikuja na mgonjwa hakutiwa hata dripu?" Basi tuelewane. Si kila aliyemo anaruhusiwa kazi ile ile. Mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza hufunga kidonda na kuzuia damu. Dripu na dawa ni za aliyesomea zaidi na kupewa idhini.

Marekani kila jimbo hujipangia idhini hizo. Kwetu, Katiba ya 2010 ilizipa kaunti huduma za ambulansi, kwa hiyo gari la kaunti hii laweza kutofautiana na la jirani. Lakini Kifungu cha 43 ni cha wote: asinyimwe mtu matibabu ya dharura. Na Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu yake.

Mama akivuja damu baada ya kujifungua, msingoje siku hiyo ndipo muulize. Ulizeni mapema.

Ya kujadili:
1. Ambulansi ya karibu huja na nani? Anaruhusiwa nini?
2. Kikundini, nani anajua kuzuia damu?