SOMO: MAJI YA ZIWA NA KIWANJA CHA GHALA

Chama cha msingi kinapotafuta kiwanja cha ghala, swali la kwanza la wajumbe huwa ni umbali kutoka barabarani, na la pili ni bei. Swali la tatu, yaani maji yamewahi kufika wapi, huulizwa kwa nadra, na mara nyingi baada ya pamba ya wanachama kuloa. Kwa vyama vya Musoma, Bunda na Butiama hilo ndilo lingestahili kutangulia.

Mafuriko ya kandokando ya Ziwa Victoria ni ya namna mbili, na katibu asiyezitofautisha hawezi kuchora ramani yenye manufaa. Namna ya kwanza ni ya mto. Mvua ikizidi katika milima ya Mau nchini Kenya, Mto Mara hujaa, hupita Serengeti, huingia katika kinamasi kikubwa cha mafunjo, kisha hupita chini ya daraja la Kirumi na kumwagika ziwani. Upande wa Bunda, mito ya Grumeti na Mbalageti hutapakaa katika mbuga tambarare ya Ndabaka karibu na Ghuba ya Speke. Maji ya namna hii huja kwa haraka, na baada ya siku au majuma huondoka.

Namna ya pili ni ya ziwa lenyewe. Haya hayana kishindo, lakini yakishakaa hayana haraka ya kuondoka. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru, zilianza kuliinua ziwa, na kufikia katikati ya 1964 lilikuwa limepanda kwa kadiri ya mita 2 na nusu. Likabaki juu ya kiwango chake cha zamani kwa miongo kadhaa. Lilipanda tena kwa mvua za El Nino za 1997 na 1998. Mwaka 2006 likashuka sana, ufuko mpana ukaachwa wazi, na wengi wakauhesabu kuwa ardhi ya bure. Mei 2020 ziwa lilirudi kwenye kiwango cha 1964, na Mei 2024 likakipita. Ardhi ile haikuwa ya bure. Ilikuwa ya ziwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ni sheria ya kuheshimiwa, lakini kamati isidhani kwamba mita 60 ni kinga ya ghala. Sheria hupima kwa mlalo, nayo maji hupanda kwa wima. Pale ardhi inapoinuka mita 1 katika kila mita 20, ziwa likipanda mita 2 na nusu huingia nchi kavu mita 50. Pale inapoinuka mita 1 tu katika kila mita 100, ziwa lile lile huingia mita 250. Juu ya hapo huongezwa mawimbi ya siku za upepo mkali, ambayo hulipiga ghala lililokwisha kuzungukwa na maji.

Wapo wanaopendekeza tambarare zote zizibwe kwa matuta ili zilimwe. Shauri hili ni la hatari. Kinamasi cha Mara hupunguza mwendo wa maji na kuyashikilia, hivyo mafuriko hayashuki yote kwa mara moja. Matope huachwa humo badala ya kufika kwenye mazalio ya samaki. Kambale na kamongo huzaliana kwenye maji hayo ya pembeni, na wakati wa kiangazi ng'ombe hupata majani pale yanapokuwa yamekauka kwingineko. Tuta la chama kimoja huyasukuma maji kwenye mashamba ya jirani, naye jirani huyo mara nyingi ni mwanachama wa chama ndugu.

Ramani ya chama haihitaji mitambo. Wazee watembezwe shambani, wala wasihojiwe ofisini. Mzee asiyeshika tarehe hukumbuka mti au mwamba uliofikiwa na maji baada ya Uhuru. Vijana wataonyesha alama za 2020 na 2024. Kila alama ipigiwe kigingi, na vigingi vilinganishwe kwa mpira wa maji, ule ule autumiao fundi mwashi kusawazisha msingi. Vigingi vya maji ya ziwa ya mwaka mmoja vikipishana kimo sana, kumbukumbu ya mmoja imekosea, na aulizwe tena kwa adabu. Kwa usahihi zaidi, vipimo vya ziwa viombwe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza. Kisha ichorwe mistari miwili, wa mto na wa ziwa, kwa rangi mbili.

Chini ya mstari wa mto, mazao ya muda mfupi na malisho yanafaa, na mkopo wa pembejeo utolewe kwa kuzingatia hatari hiyo. Chini ya mstari wa ziwa pasijengwe ghala. Chama ambacho ghala lake limekwisha kujengwa huko kiweke vichanja vya kuinua magunia, kipange mapema mahali pa kuhamishia mbolea na mizani, na daftari la wanachama pamoja na vitabu vya mikopo visikae rafu ya chini.