Ulinzi wa Mtoto Katika Jamii: Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya yanawahusu wanafunzi wa stashahada ya ustawi wa jamii na ya maendeleo ya jamii, Tanzania Bara. Alama kwenye mabano zinakuelekeza uandike kwa kiasi gani. Majibu yamerefushwa pale ambapo watahiniwa huanguka, na yamefupishwa pale ambapo karibu kila mtu hupata.

Swali la 1. Kwa mujibu wa sheria, mtoto ni nani? (Alama 3)

Ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Msingi wake ni kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011, na ukizichanganya unapoteza alama bila sababu.

Ukipenda alama ya ziada, taja mgongano na Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi la mwaka 2016, ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaishikilia hukumu hiyo Oktoba 2019.

Swali la 2. Taja aina kuu za ukatili dhidi ya watoto. (Alama 4)

Ukatili wa kimwili, wa kingono, wa kihisia, na utelekezaji. Huo wa mwisho husahaulika. Mzazi mwenye uwezo anayemnyima mtoto chakula, matibabu au shule anafanya ukatili hata kama hajamnyanyulia mkono.

Kuna anayeuliza kila mwaka: na fimbo je? Jibu la mtihani ni hili. Kanuni za elimu bado zinaruhusu viboko shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu, visizidi vinne. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto nacho kinakataza kumtesa mtoto, na hakikubali adhabu isiyolingana na umri na hali yake ya mwili na akili. Mwalimu aliyemchapa mtoto mpaka akalazwa hana kanuni ya kujifichia.

Swali la 3. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha nini? (Alama 6)

Matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana wote, wa kike na wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au mijeledi.

Watahiniwa wengi huishia hapo, wakati kilichobaki kina uzito zaidi. Kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, karibu nusu tu ndio waliomwambia mtu, na takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyetafuta huduma. Wavulana walikuwa wachache zaidi katika yote mawili. Tena watendaji wengi hawakuwa watu wa mbali: ni majirani, ndugu, marafiki, watu wanaoingia nyumbani bila kubisha hodi. Kampeni inayomfundisha mtoto kumwogopa "mtu usiyemjua" pekee imemlinda upande usio na hatari kubwa.

Swali la 4. Ni nani mwenye wajibu wa kutoa taarifa, na aipeleke wapi? (Alama 5)

Kila mwanajamii. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mtu yeyote mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Huhitaji kuwa ndugu. Huhitaji kuwa umeona kwa macho yako.

Kwa vitendo milango ni mingi: mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mtendaji, afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, isiyotozwa gharama. Kwa Zanzibar andika sheha badala ya mwenyekiti. Likiwa ni kosa la jinai, anza na polisi; usizunguke.

Swali la 5. "Kesi nyingi za ukatili dhidi ya watoto hufia mtaani kabla hazijafika kwa hakimu." Jadili. (Alama 15)

Hili ndilo swali kubwa, na ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote. Mtahiniwa anaandika "jamii haina elimu", anarudia sentensi hiyohiyo kwa maneno mengine ukurasa mzima, kisha anapendekeza semina. Jamii inajua. Muulize mama yeyote wa mtaani kama kumbaka mtoto ni kosa uone atakavyokutazama. Shida iko mahali pengine, nayo inaitwa kuyamaliza kifamilia.

Eleza hatua zake. Mtoto amesema, mama amepiga kelele, majirani wamejaa. Siku hiyo wote wako upande wa mtoto. Wiki ya pili anafika mjomba wa mtuhumiwa na wazee wawili. Wanazungumzia undugu, wanazungumzia jina la familia, mwishowe wanazungumzia fedha au ng'ombe. Mara nyingi mtuhumiwa ndiye mlipa kodi ya nyumba, au ndiye mwenye nyumba yenyewe. Karatasi inaandikwa, inapigwa mhuri wa serikali ya mtaa. Mwezi unaofuata mtoto anapelekwa kwa bibi mkoa mwingine "akapumzike", na kesi ikitajwa mahakamani shahidi mkuu hayupo. Ikiahirishwa mara kadhaa, inaondolewa.

Hapo weka sheria. Mlalamikaji katika kesi ya jinai ni Jamhuri, wala si baba wa mtoto, kwa hiyo karatasi ile haina nguvu hata ingekuwa na mihuri kumi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu upatanisho kwa makosa madogo ya kibinafsi kama shambulio la kawaida, si kwa makosa makubwa. Kubaka kunabeba kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 pia ni kifungo cha maisha. Adhabu za kubaka zilikazwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Ukali huo huo, isemwe kweli, ndio unaowapa wazee hoja ya kumwonea huruma kijana wao: "Miaka thelathini kwa jambo la dakika?" Mtahiniwa anayeiona hoja hiyo na kuijibu ndiye ninayempa alama za juu.

Sasa jamii ifanye nini? Epuka neno "uhamasishaji" kwa dakika tano. Taja mambo yanayoshikika. Kamati ya ulinzi ya kijiji iandike tarehe za kesi na kumkumbusha mama siku mbili kabla. Ichange nauli, maana mahakama ya wilaya inaweza kuwa mbali na mtu aliyekwenda mara tatu akaambiwa "imeahirishwa" hatakwenda mara ya nne kwa pesa yake. Mwenyekiti akatae kupiga mhuri. Imamu na mchungaji wakatae kuwa wapatanishi, na walitangaze hilo mapema, kabla ya tukio, ili wasionekane wanampendelea fulani. Kama mtuhumiwa ndiye mlezi wa nyumba, kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuibeba familia hiyo kwa miezi ya mwanzo. Mama anayejua watoto watakula Jumatatu hanunuliki kirahisi.

Swali la 6. Wewe ni mjumbe wa kamati ya kijiji. Saa mbili usiku mama anakuletea binti wa darasa la tano aliyebakwa jioni hiyo. Eleza utakachofanya. (Alama 10)

Muda ndio jibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa. Kwa hiyo usiseme "tutakwenda kesho asubuhi tukishakutana".

Mtoto asioge na asibadilishwe nguo. Akiwa ameshabadilishwa, nguo zile zisifuliwe. Zitiwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Mtu mzima mmoja anayeaminiwa na mtoto aende naye. Polisi watatoa fomu namba 3, PF3, ambayo daktari huijaza na baadaye hutumika kama kielelezo mahakamani. Haiuzwi. Lakini kama mtoto anavuja damu, hospitali kwanza na fomu ifuate.

Palipo na kituo cha Mkono kwa Mkono, mpeleke huko: daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wako mahali pamoja, na mtoto hasimulii habari ileile kwenye dirisha baada ya dirisha. Vituo hivi viko katika hospitali kadhaa, ikiwamo Mnazi Mmoja kwa Zanzibar na Amana kwa Dar es Salaam.

Halafu kuna yasiyofaa. Usiende kwa mtuhumiwa "kumuuliza". Usiitishe mkutano. Usipige picha, na usiandike chochote kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, hata kwa nia njema.

Swali la 7. Mtoto akianza kukusimulia, uzungumze naye vipi? (Alama 5)

Sikiliza zaidi ya unavyouliza. Mwambie: "Nimekusikia. Si kosa lako." Usiahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utalazimika kumwambia mtu. Usiulize "kwa nini hukupiga kelele?" wala usimtajie jina ukamtaka aitikie. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, hata kama sehemu za mwili anaziita kwa majina ya kitoto. Ukiyasahihisha umeyafanya yako, na wakili atalinusa hilo.

Swali la 8. MTAKUWWA ni nini? (Alama 4)

Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto. Awamu ya kwanza ilikuwa 2017/18 hadi 2021/22, na iliunganisha mipango minane iliyokuwa ikienda kila mmoja kivyake. Lengo lilikuwa kupunguza ukatili kwa asilimia 50. Kwa mwanafunzi wa ngazi ya jamii, la kukumbuka ni kamati zake, kutoka taifa hadi kijiji na mtaa. Uhai wa kamati unapimwa kwa kesi ilizofuatilia, siyo kwa mihtasari ya vikao.

Swali la 9. Kwa kutumia mfano wa mkoa wa Mara, eleza jinsi jamii inavyowalinda wasichana dhidi ya ukeketaji. (Alama 10)

Utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamekeketwa. Kwa Mara ilikuwa asilimia 32. Miongoni mwa Wakurya, msimu hutangazwa na wazee wa mila, inchama, na kwa kawaida huangukia Desemba, shule zinapofungwa. Sheria ya 1998 inaadhibu anayemkeketa aliye chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hiyo faini, kwa mtazamo wangu, inaishusha sheria nzima.

Kinachookoa wasichana ni nyumba salama. Kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba za shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, huko Butiama na Serengeti, hupokea wasichana wanaokimbia nyumbani. Wengine hufika usiku, kwa miguu. Vijiji vingi havikuwamo kwenye ramani, gari la uokoaji likawa linapotea njiani. Wajitolea wa Crowd2Map, mradi ulioanza 2015, walichora barabara na vijiji kwenye ramani huria ili wafikike.

Usisahau mpaka. Koo za Wakurya ziko pande zote mbili, na Kenya ina sheria yake ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011. Msichana anaweza kuvushwa usiku mmoja, hivyo viongozi wa Tarime wasipozungumza na wenzao wa Kuria upande wa Migori, kila mmoja analinda nusu ya mlango.

Msimu ukiisha inafuata kazi ngumu zaidi, yaani kuwarudisha. Wazazi huitwa, afisa ustawi na polisi wa dawati hushuhudia, maandishi ya ahadi husainiwa, na mtoto hufuatiliwa. Wasiokubaliwa kwao hubaki kituoni na kuendelea na shule au ufundi.

Swali la 10. Mtoto asiyeweza kubaki nyumbani apelekwe wapi? (Alama 4)

Kwanza kwa ndugu aliyechunguzwa na afisa ustawi. Pili kwa familia ya kuaminika, iliyofundishwa na kuthibitishwa kumpokea mtoto kwa muda. Makao ya watoto yawe ya mwisho. Wengi huandika kinyume chake kwa sababu makao yana kibao barabarani na familia ya kuaminika haina.

Swali la 11. Je, ushahidi wa mtoto peke yake unatosha kumtia mtu hatiani? (Alama 5)

Unatosha. Chini ya Sheria ya Ushahidi, katika kosa la kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa bila kuungwa mkono na mwingine, mradi iridhike kuwa anasema kweli na iandike sababu zake. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo isipoonekana kwenye kumbukumbu za mahakama, ushahidi wake unaweza kuja kutupwa kwenye rufaa. Shauri la mtoto husikilizwa faragha. Mwanafunzi anayekwenda kumsindikiza mtoto amweleze mapema chumba kikoje, nani atakaa wapi, na kwamba akisema "sijui" au "sikumbuki" hakuna atakayemgombeza.