Ujumbe wa m-Dharura Humfikiaje Aliye Zamu
Oktoba 2017, Uganda ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Kween, upande wa pili wa Mlima Elgon. Watatu waliougua walifariki wote, na mmoja alikuwa amevuka mpaka kuingia Kenya. Kutoka Kwanza, hapo si mbali.

Leo mhamasishaji wa afya ya jamii akiona jambo la kutilia shaka, mathalani watu wa boma moja kuharisha ghafla au mifugo kufa kwa wingi, hutuma ujumbe mfupi kwa m-Dharura, mfumo wa Wizara ya Afya. Afisa anayemsimamia huarifiwa, naye huthibitisha habari hiyo. Ikiwa kweli, mshirikishi wa ufuatiliaji wa magonjwa katika kaunti ndogo hutathmini hatari.

Shabaha ya kimataifa ni taarifa kufika ndani ya siku 1 tangu tukio kugunduliwa. Siku hiyo hupotea upesi: simu ya aliye zamu imeisha chaji, au habari imeachwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mmoja akidhani mwenzake ameshakwenda. Ndiyo maana ujumbe humwendea mtu mmoja anayejulikana. Akiwa kimya, apigiwe simu, kisha mkubwa wake.

Mkazi asiye mhamasishaji apige 719, bila malipo.