Udumifu si Ukaidi: Somo Kutoka Shule ya Penola

Shule nyingi za parokia huanza kwa shangwe. Msingi unachimbwa, michango inakuja, kamati inakutana kila wiki. Kisha kuta zinafika kwenye lenta, fedha zinakwisha na vikao vinabaki na watu wachache. Wengine wanasema tuache. Wengine wanasema tuendelee vilevile, atakayepinga na apinge. Je, fadhila iko upande gani?

Mafundisho ya Mtakatifu Tomaso

Katika Summa Theologiae, Mtakatifu Tomaso wa Akwino anauweka udumifu chini ya fadhila ya nguvu. Kazi yake maalumu ni kustahimili ugumu unaoletwa na urefu wa muda wenyewe. Udumifu umesimama kati ya maovu mawili: ulegevu, unaoliacha jema kwa sababu ni gumu, na ukaidi, unaong'ang'ania rai yake kupita inavyofaa. Kwa nje mdumifu na mkaidi hufanana. Tofauti yao ni kile wanachokishika: mmoja ameshika jema, mwingine amejishika mwenyewe.

Mfano wa Mtakatifu Mary MacKillop

Mwaka 1866, huko Penola, Australia Kusini, Mary MacKillop na Padre Julian Tenison Woods walianzisha shule kwa ajili ya watoto wa maskini. Darasa lilikuwa banda la farasi lililoachwa, ambalo kaka yake Mary alilikarabati. Hapo likazaliwa shirika la Masista wa Mtakatifu Yosefu. Kufikia 1871 walikuwa na shule na nyumba za huduma zaidi ya 40.

Mwaka huohuo pigo likatoka ndani ya nyumba. Baada ya mvutano juu ya nani awaongoze masista, Askofu Sheil wa Adelaide alimtenga Mary na Kanisa. Masista wengi walitawanyika, na shule nyingi zikafungwa. Mary alipoteza makao, vazi la kitawa na jina jema. Hakuanzisha kundi la kushindana na Askofu, wala hakuacha wito wake. Alingoja. Februari 1872, siku chache kabla ya kufa, Askofu aliiondoa adhabu hiyo.

Mwaka 1873 Mary alikwenda Roma kuombea kanuni ya shirika kibali. Roma ilibadilisha baadhi ya vipengele, hasa kuhusu ufukara. Padre Woods aliumia sana kwa mabadiliko hayo, Mary aliyapokea. Hapa ndipo tunapouona udumifu wake: aliweza kuachia maneno ya kanuni aliyoipenda, lakini hakuwaachia watoto wa maskini. Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 17 Oktoba 2010.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tujue jema tunalolilinda. Shule ni ya watoto. Si ya kamati, wala si ya jina la mwanzilishi. Pili, ramani, mpangilio na uongozi vinaweza kubadilika bila shule kufa. Tatu, kungoja kwa utii si kushindwa. Mtume Paulo naye anawahimiza Wagalatia wasichoke kutenda mema (Gal 6:9).

Maswali ya kutafakari

1. Katika kazi ya parokia yetu iliyokwama, ni nini tusichoweza kukiachia?
2. Ni nini tunachokishikilia kwa sababu tu ni wazo letu?

Mtakatifu Maria wa Msalaba, utuombee.